Maji Usiyoyafika Hujui Wingi Wake

Siku za likizo zinapokaribia, watu wengi wa kazi za ofisi huanza kufanya shauri la safari. Zamani likizo ilikuwa ya kurudi nyumbani kulima na kuwaamkia wazee, na desturi hiyo ni njema hata leo. Lakini sasa wako pia wapakiao hema na sufuria katika motokaa, wakaenda kulala nje siku tatu au nne, ili watoto wao waione nchi kwa macho wala si katika vitabu tu. Jambo hili lastahili kusifiwa. Hata hivyo lina adabu yake, na asiyeijua aweza kupata hasara, au kumtia mwenziwe uchungu bila kukusudia.

Habari ya karani mmoja wa Nyeri yatosha kuwa mfano. Mwezi wa Agosti mwaka 2023, shule zilipofungwa, alimchukua mkewe na watoto wao wawili kwenda kuyaona maporomoko ya maji ya Nyahururu, kisha kuteremka mpaka Ziwa Baringo. Alijitayarisha kama inavyompasa mtu mwenye akili. Alichukua hema mbili, mablanketi, vyandarua, tochi, madebe ya maji ya kunywa, jeki na gurudumu la akiba. Alikuwa pia na ramani aliyoinunua mwaka 2009, naye aliiamini kama mtu aaminivyo hati yenye muhuri.

Usiku wa kwanza walilala Nyahururu, katika uwanja uliotengwa kwa wageni. Mji huo u juu sana, yapata mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku ni kali. Asubuhi wakaenda kuyatazama maporomoko. Hapo Mto Ewaso Narok, utokao katika milima ya Nyandarua, huanguka mita 74 kwa mara moja, na manyunyu yake hupanda tena juu kama moshi. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipita hapo mwaka 1883, na kwa muda mrefu mji wenyewe uliitwa Thomson's Falls kwa jina lake. Mama wa watoto aliwashika mikono wasikaribie ukingo. Maana mto ulio juu ya maporomoko huonekana mpole, lakini mawe yake ni ya utelezi, na ateleza­ye hapo hana pa kushika.

Mtoto wa kike akauliza, “Baba, maji haya yakiisha kuanguka huenda wapi?” Karani akamweleza kwamba huelekea kaskazini, yakajiunga na Ewaso Ng'iro, yakapita katika nchi kame, na mwisho yakapotelea katika kinamasi cha Lorian. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, “Basi wako watu kule wanaoyangoja.” Baba yake akacheka, wala hakulitia neno hilo moyoni.

Kutoka hapo waliteremka kwa njia ya Subukia mpaka Nakuru, ambako shemeji yake karani, ndugu wa mkewe, alikuwa akiwangoja. Shemeji huyu ni mkulima wa upande wa Molo, hodari wa viazi na mahindi. Kisha wakashika njia ya Mogotio na Marigat. Watoto walifurahi sana kuambiwa kwamba tangu Nyeri wamekwisha kuvuka mstari wa Ikweta mara tatu: kabla ya kuingia Nyahururu, walipoteremka kwenda Nakuru, na tena karibu na Mogotio. Kila walivyozidi kwenda joto lilizidi, kwa maana Baringo iko chini ya Nyahururu kwa zaidi ya mita 1,000. Njiani gurudumu moja lilipasuka, wakachelewa, na jua lilikuwa linakuchwa walipolikaribia ziwa.

Karani akafungua ramani yake, akaiacha barabara kuu na kufuata njia ndogo iliyoonyeshwa humo, iendayo mahali pa kupiga hema. Njia ile ilikwenda vizuri, halafu ikaingia majini. Mbele yao palikuwa na miti mikavu imesimama ndani ya ziwa, na kando yake uwanja wa nyasi fupi, safi kama uliofyekwa. Karani akasema, “Hapa panafaa. Tutalala hapa hapa.”

Shemeji yake akasita. “Tungewauliza wenyeji kwanza, shemeji.”

“Kuuliza ni kujitafutia gharama,” karani akajibu. “Ziwa ni la wote.” Akaanza kushusha mizigo.

Mkewe hakubishana naye. Aliteremka kimya, akaifuata sauti ya mbuzi mpaka kwenye boma lililokuwa mwinuko mdogo wa karibu, akarudi na mzee mmoja wa Kiilchamus, kabila la wavuvi na wafugaji wakaao kandokando ya ziwa lile. Baada ya kuamkiana, mzee alionyesha kwa fimbo yake uwanja ule wa nyasi.

“Mwanangu, unajua ni nani aliyezikata nyasi hizi zikawa fupi?”

“La, mzee.”

“Ni viboko. Jua likizama hutoka majini kuja kula, nayo hii ni njia yao. Kiboko akikuta mtu amesimama kati yake na maji, hapigi kelele za kukuonya. Na mamba pia wamo.”

Karani akamwonyesha ramani. Mzee akaitazama kwa heshima, akasema, “Ilisema kweli siku ilipoandikwa. Tangu hapo ziwa limehama.”

Na hivyo ndivyo ilivyo. Mwaka 2010 Ziwa Baringo lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 130. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepanuka sana kupita hapo. Nyumba, mashamba, shule na barabara zilifunikwa. Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria nayo yalipanda, na baadhi ya chemchemi za maji ya moto za Bogoria, ambazo wageni walizoea kuzitazama ukingoni, zikawa chini ya maji. Kupanda kwa maziwa haya si jambo la kwanza, kwa kuwa yalipanda pia baada ya mvua kubwa za mwaka 1961. Lakini aaminiye ukingo wa ziwa kwa kuwa umeandikwa katika karatasi ajidanganya nafsi yake.

Basi wakahamisha hema zao mpaka karibu na boma la mzee, wakawasha moto, wakatundika vyandarua, maana nchi hiyo ina mbu na malaria. Kati ya usiku walisikia mikoromo mizito na nyasi zikikatwa upande ule wa chini. Karani aliimulika kwa tochi. Pale pale alipotaka kuiweka hema ya watoto palikuwa na viboko watatu. Aliizima tochi, na usingizi ukampotea mpaka alfajiri.

Kulipokucha ziwa lilikuwa zuri mno. Miti mikavu ilikuwa imejaa ndege, na katikati yake bati moja lilionekana juu ya maji, limeshika kutu. Karani akainua kamera yake apige picha. Mzee aliyesimama nyuma yake akasema kwa upole, “Hilo ni paa la jiko la mke wangu. Shamba la mahindi lilikuwa mbele yake, pale walipo ndege.”

Karani akaishusha kamera. Hakujua la kusema, akaomba radhi. Mzee akamwambia hakuna kosa, kwa kuwa mgeni huona maji tu. Asiyeambiwa atajuaje kwamba chini yake palikuwa na nyumba?

Ndipo shemeji, aliyekuwa amenyamaza tangu usiku, akauliza ni mito gani imwagayo maji humo. Mzee akaitaja Perkerra na Molo, akaongeza, “Huja na maji mekundu. Udongo wa watu wa milimani tunaupokea sisi.” Mkulima yule akainama. Shamba lake mwenyewe laufikia Mto Molo, naye alikuwa amelima mpaka ukingoni bila kubakiza hata upana wa hatua moja ya nyasi.

Taarifa iliyotolewa na Serikali ya Kenya mwaka 2021 kuhusu maziwa haya ilitaja hasa mvua nyingi kupita kawaida, kwa sababu ya kubadilika kwa tabia ya nchi. Ikataja pia udongo uletwao na mito kutoka mahali ambapo misitu imefyekwa na ardhi kulimwa vibaya. Mkulima mmoja hawezi kuizuia mvua. Lakini aweza kuchimba matuta, kupanda miti, na kuacha nyasi kando ya mto. Shemeji huyo aliporudi Molo aliacha ukanda mpana usiolimwa kando ya mto, akapanda humo majani ya ng'ombe. Alipoteza magunia machache ya viazi, lakini udongo wake umebaki shambani, na ng'ombe wake hawakosi chakula.

Kwa hiyo wote wanaokusudia safari ya namna hii yafaa wayashike mambo machache. Fikeni kabla ya jua kuchwa. Msipige hema ukingoni mwa maji, wala mahali penye nyasi fupi na nyayo za wanyama. Ada ya mahali pa kulala ilipeni kwa anayehusika, na mpewe risiti. Takataka zenu rudini nazo. Zaidi ya yote, kabla ya kushusha mzigo wo wote, tafuteni mwenyeji mumwamkie na kumwuliza. Kuuliza si ujinga. Na pengine yeye ndiye atakayewaokoa watoto wenu.

Karani yule angali na ramani yake ya mwaka 2009. Ameipigia mstari kwa wino mahali ilipo njia iliyoingia majini, na pembeni ameandika jina la mzee yule. Picha ya bati hakuipiga. Na mtoto wake wa kike, shule zilipofunguliwa, alipoambiwa aandike insha juu ya likizo, aliandika kwamba maji yote yana watu mahali yatokako, na watu mahali yaendako.