Tamko la kulaani warembo silitoi, maswali ninayo

Makamanda,

Tangu Jumatatu kundi letu la WhatsApp hapa Bunju halilali. Limeletwa tangazo la shindano la urembo la wasichana wa sekondari, mshindi kulipiwa ada ya chuo. Nusu yenu mnataka tutoe tamko la kulaani, eti utamaduni unakufa. Nusu mnasema waacheni watoto wajitafutie. Nimeombwa niandike hilo tamko. Siandiki, na sababu ninayo.

Kazi ya kupima nguo za wasichana ilishafanywa na vijana wa chama kingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Hata tarehe haijafika, pale Kariakoo makundi ya vijana yalikuwa yanawashusha wanawake kwenye mabasi. Yote kwa jina la utamaduni. Miss Tanzania nayo, iliyoanza 1967, ikazimwa miaka hiyohiyo mpaka 1994. Sasa niambieni, ni binti gani alipata dawati kwa sababu mwenzake alivuliwa wigi?

Tena mnaolilia utamaduni, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya baba. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba hilo linavunja Katiba, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na 2019 ikashindwa. Mwaka ule ulipita, sheria ikabaki vilevile. Mbona hapo kundi lilikuwa kimya? Binti wa miaka 15 akipanda jukwaani tunapiga kelele, akiolewa tunakwenda kula pilau.

Ila msidhani nawapigia makofi waandaaji. Mtoto kupata ada kwa jinsi anavyotembea jukwaani ni aibu, na aibu hiyo si yake. Ada ya sekondari imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Sawa, tusibishe kwa kubisha. Lakini kuna sare, michango, na daladala za Makumbusho ambazo konda akiona mwanafunzi anaziba mlango. Kisha kidato cha sita kinaisha, unaomba mkopo HESLB: unaweza kupata, kukosa, au kupewa kipande usichojua ukijazie na nini. Kwenye pengo hilo ndipo anapoingia mwenye taji mkononi. Tuseme wanapanda wasichana 20. Mmoja anashuka na ada, 19 wanashuka wameambiwa mbele ya wazazi na majirani kwamba hawakupendeza vya kutosha. Ukiwa na miaka 16 jambo hilo halitoki kichwani haraka.

Na hiyo ada yenyewe ipo? Marekani, ambako Miss America ilianza kutoa ufadhili wa masomo 1945, mtangazaji John Oliver alizichimba hesabu zao 2014. Walikuwa wanatangaza dola milioni 45 kwa mwaka. Kumbe ndani yake zimo ahadi za vyuo ambazo binti mmoja asingeweza kuzitumia zote, si pesa zilizolipwa. Huku kwetu mdhamini anashika mfano wa hundi mkubwa kama mlango, anapigwa picha, kwaheri.

Kwa hiyo badala ya tamko nimeandika barua kwa waandaaji. Ada italipwa mwaka mmoja au miaka yote? Pesa iko benki sasa hivi, au inasubiri viingilio? Majaji ni akina nani, na matokeo ya darasani yana alama ngapi? Nani anakaa na hawa watoto kwenye mazoezi ya jioni, nani anawarudisha nyumbani, na mzazi akitaka kuingia kutazama anaruhusiwa? Hili la mazoezi ndilo linaloninyima usingizi. Wasipolijibu, hapo nitasimama mlangoni mwa ukumbi mimi mwenyewe.

Nakala inakwenda kwa diwani, ikiuliza kata ina mpango gani na wale 19.

Anayetaka kusaini aje ofisi yetu ya kata Jumamosi saa nne asubuhi. Dada zangu, nyie hasa mje. Katika mabishano ya wiki nzima nimehesabu sauti zenu mbili tu.