Kuimba na Kufuta Kamasi

"Kwani kazi yenyewe ni nini? Ni kuimba na kufuta kamasi." Kauli hiyo ilimtoka mheshimiwa mmoja aliyepewa kipaza sauti kwenye harambee ya kanisa upande wa Mukuyuni, Kaunti ya Makueni, baada ya mwalimu wa chekechea kuthubutu kuuliza ni lini atatolewa kwenye mkataba na kupewa ajira ya kudumu. Watu walicheka. Hata kina mama waliokaa nyuma, ambao watoto wao hushinda na mwalimu huyo tangu asubuhi, walicheka. Kisha mheshimiwa akaahidi darasa jipya la mawe, lenye mabati ya rangi, na makofi yakapigwa kwa nguvu kuliko yaliyopigiwa kwaya.

Imani iliyochekewa siku hiyo imeenea kutoka Wote hadi Kitui na kwingineko nchini: kwamba elimu ya mtoto mdogo ni jengo, na kwamba anayewekwa ndani ya jengo hilo anaweza kuwa mtu yeyote. Binti aliyekosa alama za chuo. Mke wa shemasi. Yeyote mwenye subira na sauti ya kuimbisha.

Mheshimiwa angejinyima chai ya wageni akaketi nusu saa tu kwenye mkeka wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, angeona mambo. Mtoto wa miaka minne anaimba moja hadi kumi bila kukosea, na mamake anajivuna. Mwalimu aliyefunzwa kazi hatosheki. Anamwaga maharagwe mkekani, anasema: nipe manne. Mtoto anachota konzi nzima. Hapo mwalimu ameshajua kwamba mtoto ana wimbo lakini hana hesabu, na kwamba ana majuma kadhaa ya kazi mbele yake: vizibo vya soda, mawe madogo, kugawa vikombe vya uji kimoja kwa kila mtoto, hadi konzi ile ipungue iwe maharagwe manne. Asiyefunzwa anasikia wimbo, anapiga makofi, anampitisha mtoto. Mwalimu wa Gredi ya Tatu atakapoitwa mzembe, hakuna atakayekumbuka maharagwe hayo.

Mwalimu huyo huyo ndiye anayegundua kwamba mtoto anayeitwa mkaidi kumbe hasikii vizuri. Ndiye anayeona kwamba yule anayesinzia saa nne hakula kitu tangu mlo wa muthokoi wa jana jioni. Kamasi anafuta pia, ndiyo. Daktari wa watoto naye hufuta kamasi, lakini hakuna anayemlipa kama kibarua kwa sababu hiyo.

Dharau hii ina historia. Nasari nyingi za Ukambani zilijengwa na wananchi wenyewe, kwa harambee na kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kina mama wakibeba mchanga kutoka mtoni. Mwalimu alilipwa na wazazi, wakipata. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaondoa karo katika shule za msingi, na chekechea haikuguswa. Wazazi wengi wakapiga hesabu: kwa nini kulipia nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Watoto wakarushwa moja kwa moja darasa la kwanza, na mwalimu wa nasari akabaki akiangalia mkeka mtupu.

Katiba ya 2010 ilikuja na dawa nusu. Jedwali la Nne liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, likaiweka fungu moja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Matokeo yake yanaonekana kwenye kiwanja chochote cha shule ya umma. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Mwenzake wa PP2, hatua chache kutoka hapo, yuko mikononi mwa kaunti, na katika kaunti nyingi amekuwa akiishi kwa mkataba na posho. Ni kiwanja kimoja na kengele moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kwamba chekechea ni sehemu ya elimu ya msingi, lakini hati ya mshahara haijapata habari hizo.

Kaunti zimejenga, asiyesema hivyo ni mwongo. Ila jengo lina utepe wa kukatwa na ukuta wa kuandikwa jina. Mafunzo ya mwalimu hayana utepe.

Anayetaka ushahidi asiende mbali, ashuke Mombasa. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianzisha chekechea za madrasa ambazo hazikungoja majengo mapya. Alianza na walimu. Kina mama wa mitaa hiyo hiyo walifunzwa, wakasimamiwa, wakarudiwa darasani tena na tena, na vifaa vyao vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya pwani na vizibo. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba watoto wa chekechea hizo walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na kuliko wenzao wa chekechea nyingine.

Wataalamu wa semina za hotelini hupenda kuitaja Ypsilanti, Marekani, ambako kuanzia 1962 watoto 123 wa familia maskini waligawanywa, baadhi wakapelekwa chekechea na wengine hawakupelekwa, kisha wote wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Waliosoma walipata vipato bora na kukamatwa na polisi mara chache. Kinachorukwa kwenye semina ni kwamba walimu wale walikuwa na digrii, kila mmoja na watoto kama sita, na kila juma walimtembelea mama nyumbani. Rangi ya mabati haikuingia kwenye hesabu.

Kwenye harambee ile, mzee mmoja mstaafu alisimama kumtetea mheshimiwa. "Sisi tulisomea chini ya mkuyu, hatukujua chekechea, na tumefika." Wamefika wapi, mzee hakusema. Kwa hoja hiyo hata chanjo ifutwe, maana waliopona surua bila chanjo wapo na wana afya ya kuhutubia. Walioachia shule darasa la tatu kwa sababu herufi hazikuwaingia hawakuwa kwenye meza ya wageni kutoa maoni yao.

Na wazazi nao wasijifiche. Mzazi anayelalamikia ada ya uji ndiye huyo huyo anayekodi joho na kofia ili mtoto wa miaka mitano "ahitimu" PP2, apigwe picha akiwa amekunja uso kwa jua. Au anamhamishia kwenye akademi ya kando ya barabara ambako mtoto anaadhibiwa kwa kusema kiw'u, maji kwa Kikamba, akiwa na kiu, ingawa sera ya nchi tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 ni kwamba mtoto huanza kusoma kwa lugha ya eneo lake. Pesa za joho zingenunua kalamu za rangi na karatasi za manila za muhula mzima.

Makueni inasifiwa kwa vikao vyake vya wananchi, vinavyoanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti. Basi msimu wa bajeti ukifika, atakayepewa kipaza sauti Mukuyuni asiombe darasa. Aulize mwalimu wa PP1 ana mkataba wa muda gani, analipwa shilingi ngapi, na mara ya mwisho alipelekwa mafunzo lini. Akae wima hadi ajibiwe kwa tarakimu.