Mkulima wa Karanga na Achimbe Kwanza

Mkulima wa Nyakato, pale Musoma, anaponunua mfuko wa urea kwa ajili ya mahindi yake, ananunua nitrojeni. Hewa anayoivuta imejaa nitrojeni hiyo hiyo: katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ndiyo yenyewe. Mahindi hayana njia ya kuichukua. Karanga inayo, kwa msaada wa bakteria wa udongoni waitwao rizobia. Bakteria hao hujipenyeza penye nyufa ndogo mizizi ya pembeni inapochomoza, wakafanya vinundu, na humo huigeuza nitrojeni ya hewa ikawa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa sukari. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha hili kwa jamii ya kunde miaka ya 1880, kwa hiyo si habari ya jana.

Na bado vinundu hivyo hukung'utwa pamoja na udongo siku ya mavuno, visipate hata kutazamwa.

Basi mkulima wa Musoma, Butiama au Bunda, mkoani Mara, na achimbe. Karanga zikitoa maua, achukue jembe afukue mashina machache, asiyang'oe kwa mkono, maana vinundu vingine vitabaki ardhini. Aoshe mizizi taratibu. Kinundu huchomoka kikiguswa. Uvimbe wa minyoo fundo, wanaoshambulia mizizi, hauchomoki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Kisha apasue vinundu kwa ukucha. Akikuta rangi ya waridi au wekundu ndani, bakteria wako kazini. Akikuta vingi ni vyeupe au kijani, au asipokuta vinundu kabisa, ana sababu ya kutafuta msaada.

Msaada upo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza bakteria wa kupaka mbegu, wakauzwa na kampuni ya MEA ya Nakuru kwa jina la Biofix. Chuo Kikuu cha Sokoine nacho kilikuwa na Nitrosua ya soya. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009, uliwafikishia wakulima wa nchi kadhaa za Afrika maarifa hayo, Tanzania ikiwamo. Lakini si kila shamba linahitaji pakiti, na pakiti ya soya si ya karanga. Karanga haina makuu: huelewana na bakteria wale wale wa kunde, kwa hiyo shamba lililowahi kulimwa kunde au njugu mawe mara nyingi linao tayari. Atakayenunua na akumbuke kuwa amebeba viumbe hai. Asiwaanike juani, asiwachanganye na dawa ya kuua kuvu, na apande siku ile ile udongo ukiwa na unyevu.

Kutumia fedha kabla ya kuujua udongo kulikwisha kujaribiwa nchini humu, tena kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga, wakaendelea hadi Urambo na Nachingwea. Mvua zilikosekana, ardhi ya Kongwa ikakauka ikawa ngumu hata majembe ya trekta yakashindwa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya pauni milioni 36 hivi kupotea.

Bakteria nao wana njaa zao. Wakikosa fosforasi, hulegea. Tanzania ina fosforasi yake Minjingu, mkoani Manyara, katika mwamba uliotokana na vinyesi na mizoga ya ndege wa ziwa la kale. (Ndege hao hawakujua wanamlimia nani.) Mwamba huo una kalsiamu pia, ambayo ganda la karanga huifyonza lenyewe likiwa ardhini; kalsiamu ikipungua, mkulima huvuna maganda matupu. Mwamba huo hufaa zaidi penye udongo wenye tindikali, basi afisa ugani na aombwe kusaidia kupima udongo kwanza.

Hasara kubwa zaidi huja baada ya mavuno. Mashina hubebwa nyumbani na mizizi yake, karanga zikachambuliwa, majani yakachomwa moto, na nitrojeni iliyohangaikiwa msimu mzima ikapotea na moshi. Atakayesema majani ni ya ng'ombe ana hoja, kwani Mara ni mkoa wa mifugo. Ng'ombe na wale, ila samadi irudi shamba lile lile, na mahindi au mtama upandwe hapo msimu unaofuata. Asiye na ng'ombe na ayafukie majani mapema, kabla mbuzi wa jirani hawajafika.