Ua wa Waya: Usipambe Mbele Ukasahau Nyuma

Wakulima wenzangu, mtu akitoka Maungu katika barabara kuu ya Mombasa, akashika njia iendayo mlima Kasigau, hufika Rukanga akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nyumba zetu zamngoja chini ya mlima, nazo humpa habari zetu kabla hatujamkaribisha. Hapa ataona boma la miiba, pale ua wa minyaa, na pengine ua mpya wa waya wa chenilinki, umesimama wima, wang'aa juani, na maua yamepandwa mbele yake. Ataupita ua huo akisema moyoni, "Hapa pana mtu mwenye bidii."

Je, ni vizuri mkulima kutumia fedha ili nyumba yake ipendeze mbele ya wapita njia? Wengine husema ni kiburi, maana fedha za waya zingenunua mbegu. Wengine husema hayo ndiyo maendeleo, nao huenda hata kukopa ili wasipitwe na jirani. Maoni yangu ni haya: ua wa waya ni kitu chema, nao hupendeza kweli, lakini uanze na kile unachopaswa kukilinda. Ua usiolinda kitu ni pambo la bei kubwa, na mwenyewe hujuta kabla waya haujashika kutu.

NYUMBA NADHIFU SI KIBURI

Kwanza nawajibu wale wasemao kiburi. Sisi wa chini ya Kasigau tuna sababu ya kuzithamini nyumba zetu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliufikia mlima huu kutoka ng'ambo ya mpaka. Waingereza wakawashuku watu wa Kasigau kwamba wamemsaidia adui, wakawahamisha mpaka Malindi. Wengi walikufa huko ugenini, na waliosalia hawakurudi kukaa makwao mpaka miaka ya 1930. Mjukuu wa watu hao akifagia uwanja wake, akautilia ua na kupanda maua, hafanyi kiburi. Asema, "Hapa ndipo kwetu." Na mkulima wa skimu aliyepewa kipande cha pori, akakifyeka kwa mikono yake mpaka kikawa shamba, anayo haki ya kusema neno lilo hilo.

Tena ua wa waya una faida ambazo boma la miiba halina. Miiba hukatwa porini, na kila baada ya muda mfupi mchwa huila, nasi hurudi na panga kukata mingine. Tukifanya hivi mwaka baada ya mwaka, pori la karibu na kijiji huisha, na mbuzi hukosa kivuli na majani. Minyaa ni afadhali, kwa kuwa haina gharama na hukaa kijani hata wakati wa kiangazi. Lakini huchukua miaka kuziba vizuri, na utomvu wake ukiingia machoni mwa mtoto ni hatari kubwa. Waya uliotiwa zinki vizuri, ukiwa juu ya nguzo imara, hudumu miaka mingi bila kukatia mti hata mmoja.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nawageukia wale wanaokimbilia dukani, nami naanza na kosa langu. Msimu mmoja wa vuli niliuza pojo zangu vizuri, nikanunua roli mbili za waya. Zilitosha upande wa barabara tu. Nikazisimamisha, nikapaka geti rangi ya kijani, na mke wangu akapanda bogonvilia. Kwa majuma mawili kila aliyepita alinisifu, nami nikawa napenda kukaa nje jioni ili nisikie. Juma la tatu mbuzi waliingia kwa nyuma, mahali ambapo boma la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Wakala sukumawiki yote, wakavunja miche ya mipapai, kisha wakaja mbele wakaila na bogonvilia yenyewe. Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, mbuzi hawakujua kwamba wapaswa kupita getini."

Wazee walinena, nyumba njema si mlango. Nami nilijifunza kwa hasara kwamba ua mwema si upande wa barabara. Ua wenye upande mmoja si ua, hata ukisifiwa na tarafa nzima.

TUPIGE HESABU

Kosa langu halikuwa kununua roli mbili, bali ni kutopiga hesabu. Roli ya chenilinki iuzwayo madukani kwa kawaida ina urefu wa futi 60, yaani mita 18 hivi. Shamba la ekari 5 lililo mraba lina mzunguko wa mita 570 hivi, na litahitaji roli 32. Ekari moja iliyo mraba ina mzunguko wa mita 254, nayo yahitaji roli 15. Lakini uwanja wa nyumba wenye mita 20 kwa 25 una mzunguko wa mita 90, na roli 5 zautosha kabisa, na geti ndani yake.

Basi yule mwenye roli mbili afanye nini? Roli mbili ni mita 36. Zingaliizunguka bustani ya mboga ya mita 9 kwa 9, pande zote nne, kando ya nyumba na mbele ya macho ya wapita njia. Ningaliliweka tangi la maji na kitalu cha miche humo humo, na mbuzi wangalibaki nje wakitazama. Mgeni apitaye angaliona ua nadhifu, na nyuma ya waya angaliona mboga za kijani wakati majirani wana vumbi. Hakuna pambo linalolishinda hilo katika nchi yetu kavu.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye fedha kidogo ni kufanya mahali padogo, lakini apazungushe pande zote. Msimu ujao aongeze. Asifanye upande mrefu wa mbele akitumaini kwamba nyuma patajifanya penyewe.

WAYA WENYEWE NA NGUZO ZAKE

Waya wa namna hii si kitu kipya. Charles Barnard wa mji wa Norwich, Uingereza, alianza kuufuma kwa mashine mwaka 1844, akiiga mashine za kufumia nguo. Siku hizi mafundi wengi wa Kenya huufuma wenyewe kwa mashine ya mkono. Kikundi cha vijana au cha akina mama kikinunua mashine moja na waya wa jumla, kinaweza kuwafumia wanachama na kuwauzia wengine. Yafaa vikundi vyetu vilifikirie jambo hili badala ya kila mtu kwenda Voi peke yake.

Unaponunua, uliza geji ya waya. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Geji 16 ni rahisi mfukoni, lakini mbuzi dume mmoja ajikunaye kila siku ataulegeza upesi. Geji 12 na nusu ni ghali zaidi, nao hustahimili. Usidanganywe na mng'ao wa dukani, kwa kuwa kila waya mpya hung'aa.

Nguzo zisimame futi 10 kutoka moja hata nyingine, na shimo la kila moja liwe na kina cha futi 2 au zaidi. Nguzo za pembeni na za geti ndizo zibebazo kazi yote. Ziwe nene, na kila moja iegemezwe kwa mihimili miwili, kila mmoja ukifuata upande wake wa ua. Ukiona ua uliolala kama mlevi, kwa kawaida kosa li katika pembe. Pitisha nyaya tatu za kukaza, juu, katikati na chini, kisha ndipo ufunge chenilinki juu yake. Nguzo za mti zitiwe dawa ya mchwa. Ukiweza, fyatua nguzo za saruji zenye chuma ndani. Chini ya waya panga mawe, ambayo Kasigau hatuyakosi, ili mbwa na kuku wasichimbe njia.

Na mwenye kuku asidhani amemaliza. Kifaranga hupenya katika tundu la inchi mbili, na nyoka huingia kwa tundu lilo hilo. Banda la usiku lingali la lazima.

TEMBO HAWASOMI MAANA YA UA

Sasa nifikie jambo zito. Wako wanaonunua chenilinki wakidhani itawazuia tembo. Wakulima wenzangu, tusijidanganye. Hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na nchi yetu iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tembo walipita hapa kabla ya waya wowote, na tembo mwenye kiu akisikia harufu ya maji tangini huusukuma ua wa waya kama mtu asukumavyo pazia. Fedha za roli 32 kuzunguka shamba zima zaweza kuanguka chini kwa usiku mmoja.

Kwa shamba la chakula ziko njia nyingine zilizojaribiwa hapa hapa kwetu. Kule Sagalla, Daktari Lucy King wa shirika la Save the Elephants alifanya kazi na wakulima, wakatundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya mizinga hutikisika, na nyuki hutoka. Taarifa ya miaka tisa ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 2024, nayo yaonyesha kwamba katika misimu ya mazao mengi nyuki walizuia tembo hadi 86 katika kila 100 waliokaribia. Mkulima hupata na asali. Lakini ukame ukizidi nyuki huhama, kwa hiyo mizinga nayo yahitaji mtu wa kuitunza. Katika ukanda wetu wa Kasigau umejaribiwa pia ua wa vipande vya bati vilivyotundikwa kwenye waya, uliobuniwa na Simon Kasaine. Upepo ukivuma bati hulia na kumetameta, na tembo husita.

Basi chenilinki ibaki nyumbani, ikilinda mboga, miche na kuku dhidi ya mbuzi na mbwa. Fedha utakazobakiza usizitumie kuongeza urefu wa ua wa mbele. Zipeleke kwenye mizinga au bati shambani. Familia haili sifa ya barabarani, hula pojo na mahindi yaliyopona usiku.

MPAKA NA JIRANI

Kabla hujachimba shimo la kwanza, hakikisha mawe ya mpaka yanajulikana. Katika skimu, ua uliosimamishwa kwa kukisia umewafikisha ndugu mahakamani, na fedha za wakili zikapita fedha za waya. Mwite jirani, tembeeni pamoja mpakani, na mzee wa kijiji awepo. Usiingie katika eneo la barabara, maana siku barabara itakapopanuliwa ua wako utang'olewa wa kwanza.

Tena angalia vijia vya zamani. Kama akina mama hupita kando ya nyumba yako kwenda kuteka maji, waachie njia au uweke geti dogo. Ua mzuri haupaswi kuwa sababu ya mama jirani kuzunguka nusu maili na ndoo kichwani. Atakapokupita hatausifu waya wako, nawe hutastahili kusifiwa.

Mwisho, maua. Usipande yale yanayodai maji usiyo nayo. Shubiri hutosheka na kidogo. Waridi la jangwani, ambalo lamea lenyewe katika pori letu, huchanua wakati wa kiangazi. Utomvu wake ni sumu, kwa hiyo uwakataze watoto kuuchezea. Bogonvilia hupanda juu ya waya na kuuficha wote kwa rangi, nayo ikishakomaa huvumilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Lakini uipande baada ya kuziba nyuma. Mimi yangu ya kwanza iliishia tumboni mwa mbuzi, na ya pili sasa imefika juu ya nguzo, kwa kuwa safari hii nilianza na bustani, nikazunguka pande zote nne.

Mvua za vuli zitakapokwisha na pojo zikiuzwa, wengi wetu tutakuwa na fedha kidogo mkononi. Kabla ya kwenda dukani, kila mmoja asimame nyuma ya nyumba yake, si mbele, ajiulize mbuzi huingilia wapi. Hapo ndipo pa kuchimba shimo la kwanza.