Sauti ya Uwanjani

Wako wanaodhani kwamba yanayoimbwa na mashabiki hufa kipenga cha mwisho kinapolia. Dhana hiyo si sahihi, na ushahidi wake umo katika historia ya Chuo Kikuu cha Mississippi, kusini mwa Marekani.

Tarehe 29 Septemba, 1962, timu ya chuo hicho ilikuwa ikipambana na ile ya Kentucky mjini Jackson. Mahakama zilikwisha amuru kwamba James Meredith, kijana Mweusi, apokewe chuoni humo. Wakati wa mapumziko Gavana Ross Barnett alisimama mbele ya umati akatamka maneno machache tu ya kulisifu jimbo lake na mila zake. Umati ule, ukipeperusha bendera za majimbo yaliyopigana vita mwaka 1861 hadi 1865 ili kuhifadhi utumwa, ulimwitikia kwa kishindo. Usiku uliofuata ghasia zilizuka chuoni. Watu wawili waliuawa, na Rais Kennedy akalazimika kupeleka majeshi. Meredith aliandikishwa tarehe 1 Oktoba.

Hatusemi kwamba kelele za uwanjani peke yake ndizo zilizoua. Chuki ilikuwapo tangu zamani. Lakini uwanja uliipa chuki hiyo sauti moja, na kiongozi aliyepaswa kuituliza ndiye aliyeichochea.

Desturi hizo hazikutoweka upesi. Bendera ziliendelea kupepea kwa miaka mingi, hata pale wachezaji Weusi walipokuwa ndio wanaoiletea timu ushindi. Ikumbukwe kwamba chuo cha umma nchini humo hufungwa na Katiba kisizuie maoni ya mtu, hata yawe machungu. Kwa hiyo mwaka 1997 chuo hakikupiga marufuku bendera. Kilipiga marufuku fimbo uwanjani kwa ajili ya usalama, na bendera isiyo na mti haipepei vizuri. Mwaka 2009 Mkuu wa Chuo, Dan Jones, aliwaomba wanafunzi waache kibwagizo cha kutangaza kwamba Kusini itainuka tena, walichokipaza mwishoni mwa wimbo mmoja wa bendi. Ombi lilipopuuzwa, hakuleta askari wa kuziba vinywa. Aliiamuru bendi isiupige tena wimbo huo.

Hapo ndipo penye funzo kwa wenye madaraka. Vinywa vya maelfu havimilikiwi na ofisi yo yote. Bendi, kipaza sauti na lango la uwanja vinamilikiwa. Aliye na mamlaka aanze kwa nasaha, kisha avitengeneze vile vilivyo mikononi mwake. Wala raha ya michezo haikupotea kwa hatua zile: hadi leo mashabiki wa chuo hicho wanapaza mwito wao mashuhuri wa "Hotty Toddy" kwa nguvu zote, na haumdhalilishi mtu.

Sisi wa visiwani si wageni wa mambo haya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, nasi twajua kwamba neno la kumdunisha mtu kwa asili yake halina mzaha. Aidha, katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, watu hupigana kwa migomba na kina mama huimba bila kuoneana haya, lakini wazee wapo, mipaka inajulikana, na siku humalizika kwa kula pamoja. Kushindana si kosa. Kosa ni kushindana bila mwenye kuangalia mpaka.

Basi walimu, viongozi wa vilabu na maofisa wa michezo wasingoje ghasia ndipo watoe taarifa. Wasikilize kile vijana wanachokiimba, wakiseme mapema kilicho kibaya, na zaidi ya yote, wasikitumie kwa faida yao. Maana umati hujifunza haraka, na hauna haraka ya kusahau.