Kumbukumbu ya Kompyuta: Usiache Mbachao

Si jambo geni kuona kompyuta mpakato ya ofisi ikifungiwa kabatini kwa madai kwamba imechoka, ilhali kilichopungua ndani yake ni kumbukumbu tu. Mtumishi hungoja dakika nzima jedwali moja lifunguke, kisha huandika barua ya kuomba mashine mpya. Fedha za kigeni huondoka nchini, na lundo la taka huongezeka. Mazoea haya yafaa yakomeshwe, kwani chanzo chake ni kutoelewa jinsi chombo chenyewe kifanyavyo kazi.

Mfano mzuri unapatikana katika soko la samaki la Kunduchi. Mchuuzi ana meza anayopangia samaki anaowauza wakati huo, na ana sanduku la barafu anamohifadhi waliosalia. Meza ikiwa ndogo, muda wake mwingi huishia katika kwenda na kurudi. Kumbukumbu ndiyo meza ya kompyuta, na diski ndilo sanduku lake. Kusoma habari katika kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10. Hiyo ni tofauti ya mara 100,000. Diski za kisasa zisizozunguka ni nyepesi zaidi, lakini nazo zingali nyuma sana. Kumbukumbu inapojaa, kompyuta hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi diskini na kuirudisha tena na tena. Hapo ndipo mtumiaji huiona imeganda.

Katika eneo hilo hilo la Kunduchi zipo ofisi za Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kazi za utafiti wa namna hiyo, kama kulinganisha takwimu za samaki za miaka mingi au kuchora ramani za bahari, zahitaji meza pana. Gigabaiti 4, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachokubaliwa na Windows 11, hutosha kuuwasha mfumo lakini humwachia mtafiti nafasi finyu mno. Kuongeza hadi gigabaiti 16 kwaweza kuirudishia mashine hiyo hiyo uhai wa miaka kadhaa.

Historia ya nchi ina fundisho lake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hayo yaliondolewa baadaye. Leo mlango u wazi, lakini kununua pasipo kuelewa ni utegemezi ule ule uliovaa nguo mpya.

Wapo wasemao kwamba kuongeza kumbukumbu ni kumpaka mgonjwa mafuta tu. Hoja yao ina ukweli kiasi. Ikiwa kumbukumbu haijai wakati wa kazi, ugonjwa u kwingine, na kuiongeza ni kupoteza fedha. Tena, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali mfumo uliofuata, ingawa zaweza kutumia Linux. Lakini hoja hizi zadai uchunguzi kwanza. Hazihalalishi kutupa kabla ya kuchunguza.

Kikwazo kikubwa zaidi hutoka viwandani. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba za siku hizi zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi, isiyoweza kutolewa wala kuongezwa. Anayenunua mashine ya namna hiyo yenye kumbukumbu ndogo amenunua ufinyu wa kudumu.

Kwa hiyo mambo matatu yapasa yafanywe. Kwanza, hati za zabuni zitaje waziwazi kwamba mashine iwe na nafasi ya kuongezea kumbukumbu. Pili, mashine yoyote isifutwe katika daftari la mali kabla fundi hajapima matumizi ya kumbukumbu yake na kutoa maelezo kwa maandishi. Tatu, mafundi wa ofisi wafundishwe kazi hii ipasavyo: kuzima mashine na kutenga betri, kugusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, na kutambua aina ya kumbukumbu. DDR4 ya kompyuta mpakato ina pini 260 na hutumia volti 1.2, DDR5 ina pini 262 na hutumia volti 1.1. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki zilitungwa kwa sababu taka hizo zina sumu. Njia nyepesi ya kupunguza taka ni kutozizalisha. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao huu una tundu moja tu, na uzi wa kulishona upo.