Tusitukane Wakunga

Kila unapotangazwa mgomo wa treni au mabasi katika miji tunayoishi, sisi wahamiaji huwa wa kwanza kulaani. Tunapigiana simu na kuambiana kwamba hawa jamaa wanadeka, wanalipwa vizuri na bado hawatosheki. Kwamba tunaumia ni kweli. Wengi wetu tunalipwa kwa saa. Asiyefika halipwi, na msimamizi hataki kusikia habari za treni. Lakini lawama zetu tunamtupia nani?

Tukumbuke New York. Tarehe 20 Desemba 2005, siku tano kabla ya Krismasi, wafanyakazi zaidi ya 30,000 wa treni na mabasi waligoma. Katika baridi ya kuganda, watu walivuka Daraja la Brooklyn kwa miguu. Asubuhi, gari lisilo na watu wanne halikuruhusiwa kuingia upande wa kusini wa Manhattan. Meya Michael Bloomberg naye alitembea, kisha akawasema viongozi wa chama kama wahuni.

Ugomvi mkubwa ulikuwa pensheni. Mwajiri alitaka wafanyakazi wapya wachangie asilimia 6 ya mshahara kwa miaka kumi ya kwanza, badala ya asilimia 2. Wapya, ndugu zangu! Waliokuwa kazini wasingeongezewa makato hayo hata senti moja. Waligoma kwa ajili ya watu ambao hawajaajiriwa bado. Na watu hao ni nani, kama si sisi tunaojaza fomu za kazi, na watoto wetu wanaomaliza shule?

Nao hawakugoma bure. Sheria ya jimbo inakataza watumishi wa umma kugoma, hivyo kila siku ya mgomo iliwagharimu mshahara wa siku mbili. Chama kilitozwa faini ya dola milioni 2.5. Kiongozi wao, Roger Toussaint, mhamiaji kutoka Trinidad aliyeanza kazi kama msafishaji, alifungwa jela mwaka 2006. Lakini yale makato ya asilimia 6 yaliondolewa mezani.

Tusijifanye wageni wa mambo haya. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na reli waliisimamisha Mombasa nzima kudai ujira. Bila shaka siku hizo pia wapo walioumia na kulaani. Leo tunajivunia wazee wale.

Basi mgomo ukitangazwa, mwenye gari ampitie jirani yake. Anayeweza kubadilishana zamu na mwenzake abadilishane mapema. Na atakayekatwa ujira kwa kuchelewa, aulize kwanza kwa nini yeye hana chama cha kumtetea, kabla ya kumlaani dereva aliye nacho.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.